Jino la Mkamwana

Kabla sijatazama jino la mwanamke yeyote, nilimwuliza kwanza ameolewa wapi. Wageni walishangaa. Mtu amekuja shavu limevimba, machozi yanamlengalenga, nawe unamwuliza habari za ndoa! Lakini katika chumba chetu cha meno, hospitalini Mbeya, swali hilo lilitangulia hata lile la "unaumwa wapi", na lilikuwa na sababu yake.

Tulikuwa wawili katika chumba kile. Daktari wa meno alikuwa Mzungu aliyegawa kazi yake kati ya Mbeya na Iringa, na kila alipokuwa Iringa, chumba kilibaki mikononi mwetu. Mimi nilikuwa msafishaji. Nilikwangua ukoga uliogandamana kwenye shina la meno kama chokaa kwenye sufuria, nikapaka dawa kwenye fizi zilizotoka damu, nikawafundisha watu kuutafuna mswaki wa mti mpaka ulainike, kisha kuupitisha toka kwenye fizi kwenda ncha ya jino badala ya kuuvuta huku na huku kama msumeno. Nilitumwa pia shuleni kutazama vinywa vya watoto. Mwenzangu alikuwa mng'oaji. Yeye ndiye aliyeruhusiwa kushika sindano ya ganzi na koleo, na kuziba matundu madogo. Kupasua ufizi au taya ilikuwa kazi ya daktari mwenyewe, na ile mashine ya kutoboa, iliyokanyagwa kwa mguu kama cherehani, hatukuigusa kabisa.

"Mkono wa kila mtu uishie pale ulipofundishwa," daktari alituambia. Hatukuona ubaya katika neno hilo. Kinywa ni kidogo, na mkono usiojua unaweza kuua mtu humo ndani.

Mng'oaji alikuwa mtu mzima, Mnyakyusa, mzee wa kanisa, mwenye mikono mikubwa iliyokuwa myepesi kuliko ya mwanamke. Mimi nimetoka Iringa, nimesomeshwa na masista wa Tosamaganga, na kila asubuhi alinisalimia kwa lugha yetu, "Kamwene," halafu akaongeza utani wake, ule wa Wahehe kula mbwa.

"Binti wa Kihehe, meno yako makali hayo. Jana mlichinja mbwa wa nani?"

"Wa kwako, Mzee. Hukumsikia usiku akilia?"

Alicheka mpaka miwani ikamteremka puani. Lakini alipokuja mwanamke kijana wa Kinyakyusa, kicheko kilikoma. Kwao, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, haketi naye chini ya paa moja, halitamki jina lake, na akimwona njiani anaacha njia na kuingia kichakani mpaka apite. Hiyo si chuki. Ni heshima, na wanaipa jina lenye maana ya kuogopa. Wala haimhusu baba wa mume peke yake. Wazee wenzake wa kijijini, wa rika lake, wote ni baba wakwe vilevile. Ndiyo sababu nilisimama barazani nikauliza, "Umeolewa wapi, dada?" Akitaja kijiji cha mng'oaji, nilimwambia amsubiri daktari arudi. Wengine walisubiri wiki nyingi huku wamejishika mashavu. Wengine hawakurudi, na sikujua yaliyowapata.

Asubuhi moja ya masika, ukungu umeshuka kutoka mlima Loleza mpaka kwenye madirisha, nilikuwa nachemsha vyombo juu ya jiko la mafuta. Mng'oaji alikuwa akijifunga vazi lake jeupe. Akatazama nje, akaona kitu barazani, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa uani, akatoka. Mvua ilikuwa ikinyesha na hakuwa na mwavuli. Nikajua hapohapo kwamba leo sihitaji kuuliza mtu ameolewa wapi.

Barazani alikuwa mkewe, mama mmoja mnene mwenye sauti ya sokoni, aliyeuza ndizi na maharage Mbalizi. Amembeba mtoto mchanga mgongoni, na mkononi anamwongoza mkamwana wake. Msichana alikuwa amejifunika kitenge kichwani. Mumewe, mtoto wa mng'oaji, alikuwa mbali, kwenye migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka.

"Ametoka?" mama aliniuliza, akichungulia ndani.

"Ametoka, Mama."

"Basi tupishe tuingie. Huyu tangu jana hajameza hata mate yake."

Nilimketisha kitini, nikaondoa kitenge taratibu. Nimekwisha kuona nyuso nyingi zilizovimba, lakini ile ilinikata maini. Uvimbe haukuwa shavuni tu. Ulikuwa umeshuka chini ya taya mpaka shingoni, na nilipoubonyeza ulikuwa mgumu kama ubao. Mate yalimtiririka kidevuni. Alikuwa akipumua ameinua kidevu juu, kama mtu anayezama. Nilimwambia apanue kinywa, akajitahidi, na nafasi iliyopatikana haikupitisha hata kidole changu kidogo. Kwa kioo na taa niliona gego la chini, nyuma kabisa, limeoza katikati, na ndani ya tundu kumejazwa kitu cheusi.

"Ameweka nini humu?"

"Tumbaku na majivu," mama mkwe alijibu. "Na shavuni amekuwa akijikanda kwa chumvi ya moto. Kwa siri! Mimi nimejua juzi tu, nilipoona amempa mtoto ziwa huku analia."

Hilo la chumvi ya moto nimelipigia kelele vijijini mpaka sauti ikanikauka. Joto la nje linauvuta usaha uje upande wa ngozi na kuuteremsha shingoni, badala ya kuuacha utafute njia kinywani. Lakini sikuwa na moyo wa kumsema. Nilielewa kwa nini alijificha. Mng'oaji wa meno wa nchi yote ile alikuwa baba mkwe wake. Angemwambia nani kwamba jino linamuuma?

Nilimwita mganga msaidizi kutoka wodini. Alikuwa kijana mwenye haraka, na daktari mkuu alipokuwa safarini Chunya, kama alivyokuwa siku hiyo, hospitali nzima ilimwangukia yeye. Alimgusa mgonjwa shingo, akasikiliza pumzi yake, akampiga sindano ya penisilini. Kisha akanivuta mlangoni.

"Sindano peke yake haitoshi. Usaha lazima upate mlango. Jino litoke leo, la sivyo uvimbe utamfunga koo."

"Tumpeleke Iringa kwa daktari wa meno?"

"Kwa njia gani? Malori yamekwama Igawa tangu juzi, barabara imekuwa uji. Mng'oaji wako yuko wapi?"

"Ni mkwe wake."

Alinitazama kama mtu aliyetajiwa ugonjwa usio na dawa. Yeye alikuwa mtu wa Tanga, lakini alikwisha kukaa Mbeya vya kutosha. "Mimi koleo sijawahi kulishika," alisema. "Nimefundishwa vidonda na homa. Nyinyi wawili ndio wenye kinywa. Amueni upesi." Akaitwa wodi ya wazazi, akaondoka anakimbia.

Nilimkuta mng'oaji chini ya upenu wa stoo, maji yanamchuruzika kichwani. Hakuniuliza mgonjwa ni nani. Aliniuliza kinywa kinafunguka kiasi gani, uvimbe umefika wapi, anapumuaje. Nilimjibu yote. Kila nilipojibu alifumba macho.

"Ng'oa wewe," alisema.

"Mzee, mimi ni wa kukwangua. Sijawahi kung'oa hata jino la mtoto linalotikisika."

"Umeniona nikifanya kila siku."

"Kuona mtu anaogelea si kuogelea. Na daktari amekataza. Nenda wewe. Mungu anaona kwamba unamponya."

"Mungu anaona, ndiyo. Yule msichana naye ataona." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nyumbani tuna njia mbili za kwenda mtoni, binti. Yangu na yake. Mimi nikitembea naimba wimbo wa kanisa, ili asikie apishe. Tangu aolewe sijauona uso wake. Unataka nimpanue kinywa na kutia vidole? Kwake itakuwa kama nimemvua nguo. Nitamponya jino, halafu ataishi wapi? Katika nyumba ile hatakaa tena, na mwanangu akirudi hatakuta mke."

"Akifa pia hatakuta mke."

Nilisema hivyo kwa ukali, na nikaona neno limempiga. Lakini hakuondoka pale kwenye upenu.

Ndani, mama mkwe alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti, mtoto analia mgongoni mwake.

"Mwanangu, kubali. Mimi ndiye ninayekuruhusu. Nikikuruhusu mimi, nani atakusema? Yule si mkwe leo, ni dawa. Panadoli ina mkwe?"

Msichana alitikisa kichwa. Alikivuta kitenge usoni akakishika kwa mikono miwili. Mama mkwe aliinuka, akapiga mapaja yake.

"Ameng'oa meno ya nchi nzima! Machifu ameng'oa, mapadri ameng'oa! Jino la nyumbani kwake ndilo limemshinda!" Kisha akanigeukia. "Haya wewe, Mhehe. Fanya. Kuliko kukaa tunamtazama anavyozama."

Tukafanya hivi. Mng'oaji alikuja akasimama nje ya dirisha, amegeuzia ukuta mgongo, na nusu ya dirisha tukaifunga. Alipoanza kunielekeza, msichana aliisikia sauti yake, na ule upenyo mdogo tuliokuwa tumeupata kinywani ukafungika tena. Ikabidi mama mkwe asimame dirishani. Mzee alimnong'oneza mkewe, mkewe akaniletea maneno, nami nikauliza, naye akarudisha swali.

"Anasema chukua kizibo cha chupa, ukichonge kiwe kama kabari, usukume kwenye meno ya upande mzima. Taratibu. Kila akizoea, sukuma tena."

Nilisukuma. Taya lilifunguka kidogo kidogo, na msichana aliguna kwa ndani kama mtu anayebeba mzigo mlimani.

"Anasema sindano ya ganzi uiache, haitashika vizuri penye usaha. Mwambie mgonjwa avumilie. Anasema... baba nanihii, sema kwa sauti, mvua inapiga bati! Anasema ulishike jino chini kabisa, karibu na mfupa. Usilishike kichwani. Kichwani litavunjika."

Nililitia koleo. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo mara nyingi, mkono wake ukizunguka kidogo kulia, kidogo kushoto, kama anayebembeleza. Niliona koleo limeshika. Nikaminya, nikaanza kutikisa. Kikasikika kitu kama karanga inayovunjwa, na mkononi mwangu kukabaki vipande vyeusi vya jino na tumbaku.

"Limetoka?" mama mkwe aliuliza.

"Limevunjika. Mizizi imebaki."

Hakuna usaha uliotoka, damu tu. Msichana alianza kukohoa, damu na mate vikamkwama kooni. Nilimwinamisha mbele, nikampiga mgongoni, na pumzi yake ikaanza kutoa mluzi. Kucha zake zikabadilika rangi. Mtoto alinyamaza ghafla mgongoni mwa bibi yake, na kimya chake kilinitisha kuliko kilio.

Ndipo nikasikia wimbo. Ulikuwa wimbo wa kanisa, umeimbwa kwa sauti ya chini, ukitoka uani na kuja kwenye mlango. Msichana aliusikia kabla yangu. Alishika mikono ya kiti akataka kuinuka apishe njia, kama alivyozoea, lakini miguu haikumtii. Hakukuwa na kichaka cha kuingia. Akavuta kitenge akajifunika macho.

Mng'oaji aliingia akiwa amefumba macho. Alinyoosha mkono mbele kama kipofu, nami nikaushika nikampeleka kwenye beseni, akanawa, nikampa kitambaa. Kisha akasema neno la kwanza alilowahi kumwambia mkamwana wake.

"Mwanangu, mimi nimefumba. Fumba na wewe. Humu ndani yupo huyu binti tu."

Nikamwekea mkono wake kwenye taya. Nikamtilia mkononi kile chombo chembamba cha kuinulia mizizi, nikaiongoza ncha yake mpaka kwenye jeraha. Kuanzia hapo sikuwa na la kumwelekeza. Nilishika taa, ambayo yeye hakuihitaji, na nikamwelekeza mgonjwa tu: pumua kwa pua, bado kidogo, usimeze. Mama mkwe alikuwa ameukumbatia ule mkono wa msichana uliokuwa huru na alikuwa akisali kwa Kinyakyusa, haraka haraka, bila kituo. Mkono mkubwa wa mzee ulizunguka kidogo kulia, kidogo kushoto. Jasho lilimdondoka. Mzizi mmoja ulitoka, akauweka kwenye kiganja changu. Akarudi. Wa pili ulikataa muda mrefu, na nilimwona anaminya kope zake mpaka zikatetemeka, kama anayeogopa zisimfunguke zenyewe.

Ulipotoka, usaha uliufuata. Harufu yake ilijaza chumba. Niliufuta kwa pamba, ukaja tena, nikaufuta, ukaja tena. Msichana alivuta pumzi ndefu iliyoingia mpaka tumboni, kisha nyingine. Mzee aliisikia. Akaweka chombo mezani kwa kupapasa, akageuka, akatoka kwa mlango uleule. Alijigonga bega kwenye mwimo, kwa sababu hata hapo hakuwa amefumbua.

Tulimlaza wodini. Homa ilimpanda, na nilikaa na hofu kwamba tumechelewa. Sindano ziliendelea, nami kila nilipopata nafasi nilikwenda kumsukutulisha kwa maji ya chumvi na kukamua uvimbe kutoka chini ya taya kuelekea kinywani, kama nilivyofundishwa. Hiyo angalau ilikuwa kazi yangu. Mng'oaji hakuuliza lolote. Asubuhi alisema "Kamwene" bila kuongeza habari za mbwa, akachemsha vyombo vyake, akang'oa meno ya watu wengine. Lakini nyumbani, mkewe aliniambia, alikuwa ameacha kula jioni na alilala kwenye chumba cha nje.

Mama mkwe naye alikuwa na hofu yake. Barabarani Mbalizi watu walikwisha kuuliza.

"Wanataka kujua nani kalitoa," aliniambia. "Nimewaambia lilitoka. Meno hayatoki?"

"Na yeye mwenyewe anasemaje?"

"Hasemi. Amegeukia ukuta. Nimemwambia mtoto anakutaka, amempokea, amegeukia ukuta naye. Naogopa ataomba kurudi kwao."

Uvimbe ulipolainika na homa ikashuka, mganga msaidizi alimruhusu. Nilimwambia apite chumbani kwetu nimtazame jeraha mara ya mwisho. Nilikuwa nimekosea saa. Mng'oaji alikuwa ndani, amekaa nyuma ya pazia tulilolitumia kuficha kabati la dawa, akinoa vyombo. Kabla hajapata nafasi ya kutoka, msichana na mama mkwe walikuwa wamefika mlangoni. Msichana hakuvuka kizingiti. Alijua. Viatu vya mzee vilionekana chini ya pazia.

Nilidhani atageuka akimbie. Alisimama, kitenge kikiwa kimefunika nusu ya uso wake, mtoto akivuta ncha yake. Nilimtazamia jeraha palepale mlangoni, nikamwelekeza tena habari ya maji ya chumvi. Kisha akasema. Sauti ilikuwa imekwaruzika kwa sababu ya koo, na alinitazama mimi, mimi peke yangu.

"Dada, ukionana na wenye nyumba yetu, waambie leo nimemeza uji."

"Nitawaambia."

Akaondoka. Mama mkwe alimfuata, na kutoka barazani nilimsikia akianza kumgombeza kuhusu mtoto kutolewa nje bila soksi katika baridi hii. Ilikuwa sauti ya mtu anayegombeza wa nyumbani kwake.

Nikaenda nyuma ya pazia. Mng'oaji alikuwa ameshika jiwe la kunolea bila kunoa. Hakukuwa na ukuta kati yake na mlango, pazia tu la shuka kuukuu. Alikuwa amesikia kila neno.

"Umesikia, Mzee?"

"Sijasikia kitu," alisema. "Niambie."

"Mkamwana wako anasema leo amemeza uji."

Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya vazi lake, akaifuta tena ingawa ilikuwa safi.

"Vizuri," alisema. "Mwambie nimeambiwa."

Sikupata hata nafasi ya kujibu. Nje benchi lilikuwa limejaa, na mwanamke mmoja kijana, mgeni kwangu, alikuwa ameinama huku amejishika shavu kwa mikono yote miwili. Uvimbe ulionekana hata kwa mbali. Nilitoka barazani, nikachuchumaa mbele yake.

"Umeolewa wapi, dada?"

Akakitaja kijiji cha mng'oaji.

Nyuma yangu nikasikia mlango wa uani ukifunguliwa, ukafungwa.